Uwele wa Chumba cha Ndama

Jirani yangu mmoja hupika pombe ya uwele kila anapopata nafaka ya kutosha. Kabla ya kupika huuloweka, akaufunika kwa magunia kando ya ukuta, na siku ya tatu kimea huanza kutoa ile harufu ambayo watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa: tamu kidogo, chachu kidogo, na udongo ndani yake. Wapita njia humeza mate. Mimi huongeza mwendo. Wanangu wanadhani ni mambo ya dini, kwamba mama yao anachukia ulevi. Sina ugomvi na pombe. Ila nikiipata harufu ile kwa karibu nasahau nilikuwa nimetumwa nini na nani.

Nitasema sababu yake, na nawaambia ninyi mliozaliwa wakati wa Mdachi kama mimi. Hawa waliokuja baadaye wataniuliza kwanza kwa nini hatukwenda dukani kununua mbegu, na nikimaliza kuwajibu hilo nitakuwa nimechoka.

Kwetu kulikuwa upande wa magharibi wa Zuzu, mahali ambapo gari moshi lilisikika lakini halikuonekana. Tembe letu lilikuwa dogo. Baba alikuwa na ng'ombe wachache, na ndama walilala ndani pamoja nasi, katika chumba cha mwisho kisicho na dirisha, sakafu yake samadi tupu. Nikifikiria nilichojua nikiwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, sikumbuki hata siku moja ambayo mtu alikaa akaniambia, njoo nikufundishe. Nilijua kuinama mlangoni. Nilijua kikohozi cha baba na kikohozi cha baba mdogo. Nilijua majani yapi ni mlenda na yapi ni ndugu yake wa uongo anayewasha koo. Sijui niliyapata lini.

Kupanda nilikupata mgongoni. Mama alikuwa akichimba kwa jembe, anadondosha mbegu, kisha anafukia kwa mguu wa kulia, na mimi niliyebebwa nikawa nayumba kila mguu ule ulipovuta udongo. Nilipoteremshwa nilimfuata nyuma nikifukia kwa mguu wangu mashimo aliyokwisha kuyafukia. Halafu siku moja nikajikuta na kibuyu kidogo mkononi. Hakusema niweke mbegu ngapi. Nilitazama vidole vyake. Nilipozidisha, aliinama, akazichukua zilizozidi, akazipuliza vumbi na kuzirudisha kibuyuni, kisha akasonga mbele. Na sisi, mnajua, tulipanda vumbini, kabla mvua haijatia mguu. Mbegu inalazwa kwenye udongo mkavu na watu wanarudi nyumbani kungoja. Kwa hiyo katika akili yangu kupanda kulikuwa hivyo: unaweka chini pakavu, unafukia, unakanyaga, unangoja.

Nilijua pia jambo jingine dogo. Mbegu za maboga zilizotupwa ovyo mahali tulipoogea, nyuma ya tembe, ziliota hata wakati hapakuwa na wingu, kwa sababu ya maji machafu tuliyomwaga pale. Hilo nalo hakuna aliyeniambia. Nililiona, nikalitunza.

Kisha ikaja vita ya Wazungu. Baba alichukuliwa kubeba mizigo, yeye na wanaume wengine wa kwetu, wakiwa wamefungwa kamba kiunoni ili wasitoroke. Nilidhani wanacheza mchezo wa gari moshi. Baadaye askari walikuja kuchukua ng'ombe. Mara ya kwanza walichukua madume, mara ya pili majike, na mara ya tatu wakaingia ndani wakawatoa ndama wawili waliobaki. Tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Mvua ya mwaka ule ilikuwa haba, na uwele uliopatikana ulijaa ungo mara chache tu.

Mama alichagua masuke yaliyo bora kuliko yote. Aliyapura peke yake, akapepeta, akachanganya punje na majivu ili zisiliwe na wadudu. Mimi nilikoroga majivu kwa mikono miwili, na tukapiga chafya wote wawili. Alizitia kwenye kilindo, lile kopo kubwa la gome la mti, akakibeba mpaka chumba cha ndama. Hapo akachimba shimo kwenye samadi kavu, akakishusha kilindo ndani, akakifunika kwa kifuniko chake cha gome, akafukia. Kisha akakanyaga. Nami nikakanyaga. Tulikanyaga pamoja tukizunguka mpaka pakawa tambarare, na juu yake akatandika ngozi ya ng'ombe na kumlaza mtoto.

Hakusema neno, na mimi sikuuliza. Kulikuwa na nini cha kuuliza? Nilikuwa nimeona mama akiweka mbegu chini pakavu, akifukia, akikanyaga. Mwaka huu tumepanda ndani, nikajiambia. Labda kwa sababu askari wako nje.

Jumbe alikuja na askari wawili jua likiwa limeanza kuteremka. Jumbe alikuwa mtu wa kwetu, alimwita mama shemeji, na aliposema kwamba serikali inataka nafaka kwa ajili ya jeshi hakumtazama usoni. Mama akajibu kwamba hana. Wakapanda juu ya tembe wakachokoa udongo wa paa. Wakadunga ardhi ya zizi zima kwa vyuma virefu, hatua kwa hatua. Wakapindua vilindo vitupu na vungu la mahali pa kulala. Walipofika chumba cha ndama waliinama mlangoni, wakaona mtoto amelala, harufu ya samadi ikawapiga, na wakarudi nyuma.

Ndipo jumbe akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa na sauti nzuri, nakumbuka, sauti ya mtu anayependa watoto.

"Binti yangu, mama ameweka wapi uwele?"

"Ameupanda," nikasema.

Jumbe akawatafsiria askari, nao wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Ilikuwa katikati ya kipupwe, upepo wa baridi unavuma na mvua iko mbali miezi mingi. Nani anapanda kipupwe? Jumbe akanipapasa kichwa akasema maskini, njaa imemvuruga mtoto huyu. Wakaondoka na kuku wetu wa mwisho.

Mama alibaki amesimama mpaka vumbi lao lilipotulia. Kisha akakaa chini na mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka bila sauti. Akanivuta, akaniweka kati ya magoti yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mdogo wangu azaliwe. Na akamwambia yule mtoto mchanga, kama vile anamwambia mtu mzima: "Umemsikia dada yako? Huyu haambiwi kitu. Anajua mwenyewe."

Mpaka leo sijui kama nimewahi kusifiwa hivyo tena. Mama aliamini nilikuwa nimedanganya kwa ajili yake, kwa akili ya mtu mkubwa. Mimi nilikuwa nimesema kweli, kama nilivyoiona. Basi kila mmoja wetu akabaki na furaha yake, na hakuna aliyeona haja ya kusema zaidi.

Nilianza kuwa na wasiwasi kiangazi kilipozidi. Mvua haiingii ndani ya tembe, hilo nililijua. Zamani ndama walikojoa pale na ardhi ikawa haikauki, lakini ndama hawapo. Mama alikuwa akienda mbali kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, anarudi amekonda zaidi kuliko alivyoondoka, na nikaona kwamba amesahau, au amechoka mno kukumbuka. Nikakumbuka maboga ya mahali pa kuogea. Maji yangu ya siku yalikuwa kata moja. Nilikunywa nusu. Nusu nyingine nilikwenda nayo chumba cha ndama, nikainua pembe ya ngozi, nikamwaga, nikasubiri mpaka samadi inyonye, nikaifunika tena. Mama alipomwosha mtoto, maji yale nayo niliyabeba nikasema nakwenda kuyamwaga, na kweli nilikwenda kuyamwaga. Nilifanya hivyo kila siku. Midomo yangu ilipasuka, na usiku ulimi ulinata. Sikuona kuwa ninateseka. Niliona ninafanya kazi.

Baada ya muda ikaanza ile harufu. Kwanza kidogo, asubuhi tu. Nilifurahi peke yangu, nikajua inaota. Mama naye aliinusa. Alisimama siku moja katikati ya nyumba, pua juu, kisha akatikisa kichwa.

"Njaa hii," alisema, "sasa inaninusisha pombe."

Nikatabasamu nikanyamaza. Nilitaka aone mwenyewe.

Wenye hekima husema akili nyingi huondoa maarifa. Mawingu ya kwanza yalipojikusanya upande wa milimani na wenye mbegu wakaanza kwenda mashambani kupanda vumbini, mama alinipa mdogo wangu nimshike. Akaiondoa ngozi. Nilikuwa nyuma yake, nimesimama kwa ncha za vidole ili nisikose kitu. Alipotia jembe samadi ikatoka nzito na nyeusi, akatulia. Akachimba kwa mikono. Alipofungua kifuniko cha kilindo mvuke ulitoka, naapa, kama wa chungu. Juu palikuwa na mizizi myeupe iliyosokotana, na chini yake uji mweusi.

"Umeota, mama," nikasema. Akanigeukia, nami nikaona nimalizie: "Nilikuwa naumwagilia. Nusu ya maji yangu. Kila siku."

Alinitazama midomo kwa muda mrefu. Baadaye, nilipokuwa na watoto wangu, nilijaribu kuukumbuka uso ule nijue alikuwa akifikiri nini, na sikuweza. Ulikuwa uso tu. Hakunipiga. Aliketi pale pale kwenye samadi iliyolowa, mkono mmoja ndani ya kilindo, na mdogo wangu alipolia hakugeuka. Nilimbembeleza mimi. Niliona kuna kosa limetendeka, lakini nilitafuta kosa hilo kwa mama, nikafikiri labda amechelewa kufungua.

Kisha akainuka akafanya ambacho mwanamke yeyote wa kwetu hufanya na kimea. Alikitandaza juani, akachambua kilichofaa na kisichofaa, akakikausha, akakisaga, akapika uji. Tulikunywa siku nne. Ulikuwa mtamu kwa sababu ya kile kimea, mtamu bila kitu kingine. Nilikunywa mpaka tumbo likauma, nikalamba chungu. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote, kwamba ninapokumbuka mbegu yetu nakumbuka kwanza utamu wake.

Siku ya tano mama alifunga kaniki yake, akambeba mtoto, akajitwika kilindo kitupu, akanishika mkono. Tulifuata reli kuelekea Bahi, tukalala njiani mara mbili. Njiani kulikuwa na watu walioketi kando ya reli ambao hawakuitikia salamu. Hakuniambia tunakwenda wapi, na mimi, binti asiyeambiwa kitu, sikuuliza.

Bahi kulikuwa na maji bado kwenye vidimbwi vya mbuga, na nyumba tuliyofikia ilikuwa ya mtu anayechemsha chumvi na kukausha kambale. Watu walimletea nafaka kutoka mbali ili wapate chumvi yake, kwa hiyo kwake kulikuwa na uwele. Mkewe alikuwa mwanamke mnene, na mnene wakati ule alikuwa wa kutazamwa. Niliambiwa nimwite mama mkubwa, ingawa hakuwa ndugu. Akanipa kipande cha kambale, nikaketi nacho. Wao wakazungumza nje. Samaki yule ana miiba, nami nilikuwa sijawahi kumla, kwa hiyo ilinichukua muda. Nilipomaliza nikatoka, nikaona kwa mbali mama anakwenda na kilindo kichwani na mtoto mgongoni, ameshafika kwenye matete.

Sikumkimbilia. Mama mkubwa alinieleza kwamba nitakaa hapo mpaka mama avune na kurudisha mara mbili ya uwele aliopewa. Nilisikia kama mtu anasimulia habari za mtoto mwingine. Sikulia siku ile wala iliyofuata, na mama mkubwa akawaambia majirani kwamba nina moyo mgumu.

Hawakunitesa. Niseme hivyo kwa haki yao. Lakini pale ndipo nilipofundishwa kwa mara ya kwanza maishani. Mama mkubwa alinieleza kila kitu kwa mdomo na kwa kidole: hapa tunalala wanawake, hiki ni chungu cha chumvi usikitie maji, kambale anashikwa nyuma ya kichwa, mbwa yule muache anapokula. Alikuwa mwema, alikuwa hataki nikosee. Na kila alipoeleza nilijua mimi ni mgeni, maana mtoto wa nyumba ile, msichana wa umri wangu, hakuambiwa lolote na alijua yote. Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama wa mwenzangu, tena polepole na kwa subira.

Mavuno ya kwanza yalikosa, kwetu na kwingine. Wadachi walikimbia, wakaja askari wenye kofia nyingine, na hata wao walitaka chumvi. Nilijifunza kukwangua udongo mweupe wa mbuga, kuutia kwenye kichujio cha nyasi, kumwagia maji na kuonja kwa ncha ya ulimi yanayodondoka, nijue kama yamekomaa kwa kupelekwa motoni. Au niseme, siku moja nilionja nikasema bado, na mzee mwenyewe akaonja akasema kweli, bado. Nikashituka kidogo. Nilikuwa sikumbuki ni lini mtu wa nyumba ile aliniambia jambo mara ya mwisho.

Mama alikuja baada ya mavuno ya pili. Nilikuwa kwenye kichujio. Nilimwona akitoka kwenye matete na mzigo kichwani, na mgongo wake ulikuwa mtupu, wala hakuna mtoto aliyemfuata. Nikautazama mgongo ule alipoinama kutua mzigo. Kaniki ilikuwa imekaa vizuri, haina mahali palipovutwa. Hakusema, na mimi sikuuliza, na hilo halikupata kusemwa kati yetu maisha yake yote.

Nilipiga goti nikamsalimu, mbukwa, kama nilivyosalimu wageni wote. Nikamletea kigoda. Nikamwambia, "Keti upande huu, mama, kule moshi utakuumiza. Na mbwa yule usimguse." Aliketi nilipomwonyesha. Nikarudi kwenye kazi yangu kwa sababu maji yalikuwa yanadondoka, nikaonja, nikatema, nikaongeza udongo kidogo upande wa kushoto.

"Nani amekufundisha kazi hiyo?" akauliza.

"Hakuna mtu," nikasema.

Akageuza uso kutazama mbuga. Mama mkubwa alipotoka kupima uwele alimkuta bado ametazama kule, akadhani amechoka kwa safari.

Tulirudi kwetu kwa reli ile ile, kwa miguu ile ile, mimi nikiwa mbele kwa sababu nilikuwa na nguvu zaidi. Na tangu usiku wa kwanza mama alianza kueleza. Yule mwanamke aliyekuwa hasemi alinishika mkono akanizungusha ndani ya tembe nililozaliwa: hapa unainama, hapa maji, hiki kilindo ni cha mbegu. Tulipovuna akaficha mbegu tena, kwa hofu ya askari wapya, akaniweka mbele yake na kusema taratibu, kwa kidole: "Hii nimeificha. Sijaipanda. Usiimwagilie." Nilikuwa nimekua, meno yote yameota. Nilijua. Lakini niliposikia sauti ile ya kueleza, sauti ya mama mkubwa kinywani mwa mama yangu, nilijua pia kwamba sikurudi nyumbani bali nimefika ugenini mara ya pili.

Nilimkasirikia miaka mingi. Nilitaka mara moja tu anipe kazi na kuondoka bila neno, kama zamani. Hakunipa. Alinieleza kuteka maji, akanieleza kusuka ungo nilipokuwa nimeshasuka nyungo za kugawa, akanieleza kunyonyesha mbele ya wakwe zangu mpaka wakacheka. Nilidhani haniamini. Sikufikiri kwamba kuna neno moja ambalo lingetosha kuokoa kila kitu, na kwamba yeye ndiye hakulisema.

Mwaka wa mwisho aliokuwa na nguvu za kwenda shambani alikuja kunisaidia kupanda. Nilikuwa na mwanangu wa pili mgongoni. Mama alishindwa kuinua jembe, kwa hiyo alitembea kando yangu akishikilia fimbo, na kila shimo nililochimba alilisemea. "Unachimba kidogo tu. Unatia nne au tano. Unafukia kwa mguu, hukanyagi sana."

Nikasimama. Nilisema kwa upole, maana hasira ilikuwa imekwisha muda mrefu, sijui ilikwenda wapi. "Najua, mama."

"Najua unajua," akasema, na akaanza tena toka mwanzo.